Kusoma hesabu za bima ya maisha chuoni: hatua kwa hatua, kwa wasiotaka kukariri

Mjadala wa kikokotoo cha mafao ya wastaafu ulipopamba moto Tanzania mwaka 2018, na tena 2022, watu walibishana kwenye daladala, kwenye vijiwe vya kahawa na bungeni. Wengi walishika asilimia: mkupuo ni 25, mara umekuwa 33. Wachache waliigeukia ile namba nyingine iliyokaa kimya ndani ya kanuni: 12.5. Imetoka wapi? Kwa nini isiwe 10, kwa nini isiwe 15? Hapo ndipo hesabu za bima ya maisha zinapoanzia: shilingi moja kila mwaka, kwa mtu ambaye hujui atakufa lini, ina thamani gani leo?

Somo hili nimelisoma, nikapata sapu (mtihani wa marudio), nikarudia, na baadaye nikawasaidia wadogo zangu wa chuo kulivuka. Wanaoanguka mara nyingi wana hesabu nzuri tu za kidato cha sita. Kinachowaangusha ni kukariri alama za fomula kabla hawajaelewa mambo mawili: pesa hubadilika thamani kadiri muda unavyokwenda, na kifo cha mtu kina uwezekano unaosomeka kwenye jedwali. Kanuni zote za somo hili ni hayo mawili yamezidishwa pamoja, kisha yakajumlishwa mwaka kwa mwaka.

Hatua ya 1: Chagua kozi kwa kusoma orodha ya masomo yake

Tanzania, shahada ya sayansi ya aktuari, yaani mtaalamu wa hesabu za bima (wengine huiita takwimu bima), ipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM. Kenya ipo Chuo Kikuu cha Nairobi, JKUAT, Maseno, Strathmore na kwingineko. Kama bado uko sekondari, michepuo inayokuweka pazuri ni ile yenye hesabu kamili: PCM, PGM, EGM. Aliyesoma BAM (hesabu za msingi) peke yake atabanwa mapema, hata kama mfumo wa maombi umempitisha. Masharti ya kila chuo yamo kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka husika. Usitegemee ya kaka yako aliyeingia miaka mitano iliyopita.

Ukishapata majina ya vyuo, fungua prospektasi utafute vitu vinne: somo la hesabu za riba, uwezekano wa angalau semesta mbili, hesabu za bima ya maisha zenyewe za semesta mbili, na programu ya kompyuta kama R au angalau Excel. Kozi yenye jina zuri lakini somo moja tu la bima ya maisha mwaka wa mwisho itakufundisha biashara ya bima kwa upana, na hesabu utabaki kuzitafuta mwenyewe.

Hatua ya 2: Mwaka wa kwanza, usidharau uwezekano

Kalkulasi utaikuta na utaizoea. Kinachotupwa ni uwezekano, kwa sababu mwanzo wake ni dadu na karata na mwanafunzi anaona anachezewa. Shika barabara vitu vitatu: uwezekano wenye sharti (wa jambo, ukijua jingine limeshatokea), thamani tarajiwa (wastani unaozingatia uwezekano wa kila matokeo), na kigeu nasibu (namba inayoamuliwa na bahati). Muda uliobaki wa maisha ya mtu ni kigeu nasibu, na bei ya bima ni thamani tarajiwa. Ukiyaelewa hayo kwenye dadu, utayatambua yakija yamevaa suti.

Hatua ya 3: Riba, na mstari wa muda

Hapa kaa muda mrefu kuliko ratiba inavyokuruhusu.

Shilingi 1,040 utakazopokea mwaka mmoja ujao, kwa riba ya asilimia 4, ni sawa na shilingi 1,000 leo. Kurudisha pesa nyuma mwaka mmoja ni kuzidisha kwa 1/1.04, namba inayoandikwa v. Miaka miwili ni v mara v. Hilo analijua hata muuza duka anayekopesha. Ugumu unaingia malipo yanapokuwa mengi na yanapoanza kwa nyakati tofauti: mwanzo wa mwaka, mwisho wa mwaka, kila mwezi, baada ya miaka mitano ya kusubiri.

Dawa yake ni mstari. Kila swali, chora mstari mlalo, weka alama 0, 1, 2, 3, na juu ya kila alama andika kiasi kinacholipwa. Chini yake andika v iliyopandishwa mara ngapi. Zidisha, jumlisha. Usikimbilie fomula kabla ya mstari, hata kama swali linaonekana jepesi. Mwanafunzi anayechora mstari hukosea hesabu ndogo tu na kupunguziwa alama mbili. Anayeruka mstari hukosea mwaka mzima wa malipo na kupoteza swali lote.

Hili neno riba huwaletea baadhi ya wanafunzi Waislamu swali la haki, na si la kulikwepa. Mfumo wa takafuli, yaani bima ya Kiislamu, upo, nao pia unahitaji watu wa hesabu: jedwali la vifo na uwezekano havibadiliki, kinachobadilika ni jinsi michango inavyomilikiwa na inavyowekezwa. Huwezi kukipima kimoja bila kukielewa kingine, kwa hiyo soma sura hii kwa makini vilevile.

Hatua ya 4: Jifunze kusoma jedwali la vifo kama unavyosoma ratiba ya mabasi

Mwaka 1693, Edmond Halley, yuleyule wa nyota yenye mkia, alichukua kumbukumbu za vizazi na vifo za mji wa Breslau (leo Wrocław, Poland) akatengeneza jedwali. Alianza na watoto 1,000 wa mwaka mmoja. Kwenye umri wa miaka 20 walibaki 598, miaka 40 walibaki 445, miaka 60 walibaki 242. Hiyo ndiyo safu inayoitwa l, idadi ya walio hai, na majedwali ya leo yana umbo hilohilo.

Jedwali utakalokutana nalo sana darasani ni AM92, lililotokana na wanaume waliokatiwa bima Uingereza kati ya 1991 na 1994. Linaanza na watu 10,000 wenye miaka 17. Wakifika 30 wamebaki 9,925. Wakifika 60 wamebaki 9,287. Ukitaka uwezekano wa mtu wa miaka 30 kufika 60, gawanya 9,287 kwa 9,925: ni 0.936. Kwa jedwali la Halley, gawanya 242 kwa 531, waliobaki kwenye miaka 30: ni 0.456. Fanya mazoezi ya aina hii ishirini au thelathini bila kutumia alama yoyote, kwa maneno tu: "wangapi walikuwepo, wangapi wamebaki". Alama zije baadaye.

Utauliza, Waingereza wa miaka ya tisini wanamhusu nini mkulima wa Mbozi? Uliza kwa sauti, darasani. Jibu ni kwamba AM92 ni uwanja wa mazoezi; ukienda kazini utatakiwa kuchagua jedwali linalofanana na wateja wako na kulirekebisha. Na hata kijijini, anayekata bima si mtu yeyote tu. Ni mwenye kipato, mara nyingi amepimwa afya. Ndiyo maana majedwali huwatenga waliopimwa karibuni, umri wao ukiwekwa kwenye mabano ya mraba. Ukiona [40], ni mtu wa miaka 40 aliyetoka tu kwa daktari wa kampuni.

Hatua ya 5: Zidisha viwili hivyo

Mtu wa miaka 40 anataka bima ya mwaka mmoja ya shilingi milioni 10, inayolipwa mwisho wa mwaka akifa. Kwa AM92, uwezekano wa kufa ndani ya mwaka huo, q40, ni 0.000937. Kwa riba ya asilimia 4, bei ni 10,000,000 × 0.000937 ÷ 1.04, yaani kama shilingi 9,010. Hapo hakuna gharama za ofisi, kamisheni ya wakala wala faida. Ni bei ya hatari tupu.

Bima ya maisha yote ni hesabu hiyohiyo ikirudiwa kwa kila mwaka anaoweza kufa: ubaki hai hadi mwaka fulani, ufe ndani yake, urudishe pesa hadi leo, kisha jumlisha yote. Jumla hiyo kwa mtu wa miaka 40 inaitwa A40, na kwa masharti haya ni 0.23056. Bima ya milioni 10 inathaminiwa shilingi 2,305,600 leo.

Ila usiishie kuisoma kitabuni. Fungua Excel, weka umri kuanzia 17 hadi 120 kwenye safu ya kwanza na q kwenye ya pili, kisha anza *chini*. Kwenye umri wa 120 kila mtu anakufa ndani ya mwaka, kwa hiyo A120 ni v. Panda juu seli moja moja kwa sentensi hii: ama anakufa mwaka huu, analipwa mwisho wa mwaka, ama anaishi, halafu anakuwa mtu mwenye umri zaidi kwa mwaka mmoja, ambaye bei yake tayari unaijua. Ukifika 40 ukakuta 0.23056, umeelewa somo kuliko nusu ya darasa. Mimi nilifanya hivyo baada ya sapu. Ningefanya kabla, likizo ile ningekaa nyumbani.

Kuna mtego mmoja ambao hata watu wazima wa maofisini wanaingia: kuchukua wastani wa umri wa kufa na kufanya hesabu kana kwamba kila mtu atakufa siku hiyo. Chukua watu wawili. Mmoja atakufa baada ya mwaka 1, mwingine baada ya miaka 39. Wastani ni miaka 20. Ukitumia wastani, bima ya milioni 1 ina thamani ya shilingi 456,000 hivi kwa riba ya asilimia 4. Ukihesabu kila mmoja kivyake kisha ukagawa kwa mbili, ni 589,000. Aliyekufa mapema aligharimu karibu milioni nzima, na yule wa miaka 39 hakufidia pengo hilo. Kampuni inayopanga bei kwa wastani wa umri itafilisika taratibu huku hesabu zake zikionekana safi.

Hatua ya 6: Malipo ya maisha, ada na akiba

Upande wa pili wa somo ni pesa zinazolipwa *wakati mtu yuko hai*: pensheni, au ada anazolipa mwenye bima. Shilingi 1 kila mwanzo wa mwaka hadi kifo huandikwa a yenye nukta mbili juu, ä, na wanafunzi huiita "a dabo doti". Kwa AM92 na riba ya asilimia 4, ä60 ni 14.134. Riba ikiwa asilimia 6 inashuka hadi 11.891.

Sasa irudie ile 12.5 ya kikokotoo. Katika kanuni za mafao, mstaafu anayeachia shilingi 1 ya pensheni yake ya mwaka anapewa shilingi 12.5 mkononi kama mkupuo. Inakaa katikati ya namba mbili za hapo juu. Siwezi kukuambia hiyo ni haki au dhuluma kwa kutazama tu, kwa sababu jedwali ni la Waingereza na pensheni hulipwa kila mwezi. Lakini sasa una swali sahihi la kuuliza: mmetumia jedwali lipi na riba ipi?

Ada ya bima hutoka kwa kusawazisha pande mbili: thamani ya ada zote ziwe sawa na thamani ya mafao yote. Kwa mtu wetu wa miaka 40, ä40 ni 20.005, hivyo ada ya mwaka ni 2,305,600 ÷ 20.005, kama shilingi 115,251. Ada haipandi hata akizeeka. Wazo hilo la ada isiyopanda, inayopangwa kwa umri wa kuingia, lina historia ya uchungu kidogo: James Dodson, mwalimu wa hesabu wa London, alikataliwa kujiunga na chama cha bima mwaka 1756 kwa sababu alikuwa amepita miaka 45. Akakaa chini akapiga hesabu za bima ambayo ingempokea mtu wa umri wowote kwa bei ya haki. Alifariki mwaka uliofuata. Kampuni iliyosimama juu ya hesabu zake, Equitable, ilianza 1762.

Ada isiyopanda maana yake ujanani unalipa kuliko hatari yako, uzeeni unalipa pungufu. Ile ziada ya mwanzo si faida ya kampuni. Ni akiba, na hapa ndipo mtihani unapopenda kukaa. Baada ya miaka 10, mtu wetu ana miaka 50. Mafao yaliyo mbele yake yana thamani ya milioni 10 × 0.32907, yaani 3,290,700. Ada zilizobaki zina thamani ya 115,251 × 17.444, yaani kama 2,010,400. Tofauti, kama shilingi 1,280,000, lazima kampuni iwe nayo kwa ajili yake.

Kuna njia ya mkato ya kujihakiki: 1 toa (17.444 ÷ 20.005), zidisha kwa milioni 10. Utapata takriban hiyohiyo. Kisha jiulize kitu ambacho hakimo kwenye desa (noti za kunakiliana): katika miaka 10 amelipa jumla ya shilingi 1,152,510 tu, iweje akiba izidi? Andika jibu lako kwa sentensi tatu kabla ya kumwuliza mwalimu. Riba ya miaka yote hiyo imo, na wachache waliokufa njiani wamegharimu kidogo kuliko riba iliyoingia.

Hatua ya 7: Sasa ndiyo ujifunze alama

Alama hizi, zenye herufi chini, juu, kushoto na kulia, zilikubaliwa kimataifa kwenye kongamano la maaktuari London mwaka 1898. Ndiyo maana zinafanana na maandishi ya mwandishi aliyebana karatasi. Njia niliyoiona inafanya kazi ni daftari la kurasa mbili: kushoto alama, kulia sentensi kamili ya Kiswahili. "Shilingi 1 mwisho wa mwaka wa kifo, ikiwa kifo kimetokea ndani ya miaka 20, kwa mtu wa sasa miaka 35." Ukishindwa kuandika sentensi, alama hiyo hujaielewa, hata kama unaikumbuka.

Angalia sana mstari mdogo juu ya A. A yenye mstari ni malipo ya papo hapo mtu anapokufa. Isiyo na mstari ni ya mwisho wa mwaka. Tofauti yake kwa riba ya asilimia 4 ni karibu nusu mwaka wa riba, kuzidisha kwa 1.0198. Kwenye bima ile ya 2,305,600 ni kama shilingi 45,700. Mstari huo ndio ulionipa sapu.

Hatua ya 8: Desa na mitihani

Desa lina kazi yake, ila lisome likiwa la tatu. Kwanza noti zako, pili maswali ya mitihani ya nje. Chama cha maaktuari cha Uingereza, IFoA, huweka mitihani yake iliyopita kwenye tovuti bila malipo, pamoja na majibu. Maswali ya CM1, mtihani wao wa hesabu za riba na bima ya maisha, yanagusa karibu kila nilichoandika hapo juu. Chama cha Marekani, SOA, nacho kina maswali ya mfano ya P, ambayo ni uwezekano, na FM, ambayo ni riba. Fanya swali moja kila siku kwa saa kamili, karatasi tupu, ukikwama usichungulie majibu hadi kesho yake. Kundi la watu watatu linatosha. La watu tisa hugeuka kijiwe.

Kama uko semesta ya pili mwaka wa kwanza na GPA inakutisha kwamba utadisko (utaondolewa chuoni), acha mitihani ya nje kabisa kwa sasa. Okoa ya chuo kwanza.

Hatua ya 9: Mitihani ya taaluma, lini uanze

Shahada peke yake haikufanyi aktuari kamili. Ngazi zile hupandwa kwa mitihani ya vyama, na huchukua miaka. Ushauri wangu ni kufanya mmoja tu kabla ya kuhitimu, FM au CM1, muda mfupi baada ya kumaliza somo lake chuoni wakati bado lina moto. Uliza idara yako kama kuna masomo yanayokusamehe mtihani fulani, na kwa alama zipi. Wengi huja kugundua walihitaji alama fulani baada ya matokeo kutoka. IFoA ina ada ya punguzo kwa wenye kipato kidogo, na bumu (pesa ya mkopo wa mwanafunzi) haitoshi kulipa ada kamili, kwa hiyo omba punguzo hilo kabla ya kujisajili.

Kwenye mitihani ya IFoA kuna karatasi za kompyuta: CM1 hutumia Excel, CS1, ambao ni wa takwimu, hutumia R. Lile jedwali ulilojenga Hatua ya 5 litakurudishia muda wako.

Hatua ya 10: Mafunzo kwa vitendo

Omba nafasi mapema, kabla ya wenzako wa uhasibu hawajajaza meza: kampuni za bima ya maisha, TIRA (msimamizi wa bima nchini Tanzania), mifuko ya pensheni ya NSSF na PSSSF, na NHIF ya bima ya afya. Barua yako iseme unachoweza kufanya, si unachotaka kujifunza. "Naweza kujenga jedwali la akiba kwenye Excel" humfanya mtu asome hadi mwisho.

Ukifika, usitegemee kupewa A40. Utapewa faili la wateja elfu kadhaa na kuambiwa lisafishwe. Panga safu ya tarehe za kuzaliwa kuanzia ya zamani. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilikuta mteja aliyezaliwa 1900 aliyekuwa akilipa ada kwa simu kila mwezi, na mamia waliozaliwa tarehe 1 Januari. Nikawarekebisha kimyakimya kwa kukisia. Msimamizi wangu, mama mmoja mpole, akanirudishia faili: "Mwanangu, umri ndio bei. Ukiukisia, umempangia mtu bei ya kukisia. Hawa watenge kwenye karatasi yao, halafu shuka chini kwa waliojaza fomu ukawaulize."

Nikashuka. Fomu nyingi zilikuwa na mwaka tu. Siku na mwezi viliachwa wazi, na kompyuta ilikuwa imejaza 1 Januari yenyewe.